Kabla Hujamkabidhi Mgonjwa Wako: Jinsi ya Kupima Watoa Huduma Shufaa

Swali hili linatufikia kila mara, yanabadilika maneno tu. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa. Baba ana ya tezi dume na imeshaingia kwenye mifupa. Mume figo zimechoka na dialisisi haiendelei tena. Daktari amesema matibabu ya kuponya yamefika mwisho, akaandika barua ya kwenda huduma shufaa, na familia imebaki na karatasi mkononi ikijiuliza: hawa tunaopelekwa kwao, tutajuaje kama wanaiweza kazi?

Jibu fupi ni hili: usiwapime kwa jengo, kwa jina, wala kwa ukarimu wa mapokezi. Wapime kwa usiku. Mgonjwa akishikwa na maumivu saa nane usiku, mkiwa nyumbani kwenu, kuna dawa gani ndani? Nani amefundishwa kumpa? Na simu ikipigwa, nani anapokea? Mtoa huduma aliyekuandalia majibu ya maswali hayo matatu ni mzuri, hata kama ofisi yake ni kontena. Asiyekuwa nayo atakuacha peke yako siku utakayomhitaji zaidi. Yote yanayofuata hapa ni njia ya kuyapata majibu hayo mapema, kabla usiku wenyewe haujafika.

Jua kwanza unachagua nini

Wengi wakisikia hospisi hufikiria nyumba ya vitanda ambamo mgonjwa hupelekwa kufa. Hospisi zenye wodi zipo, na St Christopher's ya London, iliyofunguliwa na Cicely Saunders mwaka 1967, ndiyo iliyoigwa na wengi. Huku kwetu sehemu kubwa ya huduma haina kitanda. Ni kliniki ya kwenda na kurudi, pamoja na timu inayomfuata mgonjwa nyumbani. Utakutana na aina hizi:

- Kitengo ndani ya hospitali kubwa, kama kile cha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Dawa na wataalamu wako karibu. Udhaifu wake ni umbali, foleni na nauli.
- Hospisi inayojitegemea, kama Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, au zile za Nyeri, Eldoret, Kisumu na Mombasa. Kazi yao ni hiyo moja, kwa hiyo maumivu wanayajua. Udhaifu: nyingi hutegemea wafadhili, na gari la ziara huenda likawa moja tu.
- Huduma iliyo chini ya hospitali za dini, kama zile za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, zenye wahudumu wa kujitolea wanaofika vijijini. Udhaifu: kumwona daktari kunaweza kuchukua muda.
- Nesi wa kulipwa anayekuja nyumbani. Anafaa sana kwa kumwogesha mgonjwa, kumgeuza na kumfunga vidonda. Lakini bila kliniki iliyo nyuma yake hana mofini, na bila mofini huduma yake ni nusu.

Familia nyingi huhitaji mbili kwa pamoja: kliniki ya kuandika dawa, na mtu wa karibu wa kusaidia kazi za kila siku. Hukosei ukizichanganya, mradi kila mmoja ajue mwenzake yupo na anafanya nini.

Usingoje mgonjwa afike kitandani ndipo uanze kutafuta. Huduma shufaa inaweza kwenda sambamba na mionzi, dawa za saratani au ARV. Anayeanza mapema huwa na muda wa kuchagua. Anayeanza siku za mwisho hupokea chochote kilichopo.

Swali la kwanza: mofini

Anza hapa, hata kabla ya kuuliza bei. Mofini ya maji ya kunywa ndiyo nguzo ya kutuliza maumivu makali ya saratani, na ni dawa ya bei nafuu kwa sababu hutengenezwa kwa kuchanganya unga na maji. Uganda imeitumia hivyo tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mahali pengine kazi hiyo mara nyingi humngoja daktari. Kwa hiyo uliza wazi:

1. Mofini ya maji mnayo leo hii, hapa hapa?
2. Nani anaiandika, na yuko kazini siku zipi?
3. Mnatupa ya siku ngapi kwa mara moja?
4. Ikiisha Jumapili, tunaipata wapi?
5. Iliwahi kuwaishia? Mlifanyaje?

Swali la tano lina thamani kuliko yote. Asiyewahi kuishiwa ni nadra. Unachotafuta ni mtu atakayekueleza bila kuzungukazunguka kwamba iliisha, wakaazima hospitali fulani, au wakawapigia wagonjwa mapema kabla chupa hazijakauka.

Kisha sikiliza namna wanavyoielezea dawa yenyewe. Mtoa huduma anayeijua kazi atakwambia haya bila kuulizwa:

- Hunywewa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo. Kwa kawaida ni kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Ile ya kulalia mara nyingi huandikwa mara mbili ya kipimo ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane.
- Kuna dozi ya ziada ya kumpa maumivu yakichomoza katikati, na kila unapompa unaiandika.
- Hufunga choo. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile, kabla ya tatizo.
- Siku chache za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, kisha hali hiyo hupungua.
- Mwenye shida ya figo hupangiwa kipimo na saa tofauti.
- Akiwa mgumu kuamka na pumzi zimekuwa za mbali mbali, usimpe dozi inayofuata. Piga simu mara moja.

Akikukabidhi chupa na kukwambia "mpe akisikia maumivu," bila saa, bila dawa ya choo, bila sirinji ya kupimia, una sababu ya kuwa na wasiwasi.

*"Lakini si atakuwa teja?"* Hapana. Anayetumia mofini kwa maumivu, kwa kipimo alichopangiwa, hatafuti ulevi, anatafuta usingizi. *"Si ndiyo dawa ya kumuaga?"* Nayo hapana. Kipimo kikipandishwa kidogo kidogo na mtu anayejua, mofini haifupishi maisha, na wapo wanaoitumia kwa miezi mingi huku wakienda msikitini, kanisani na dukani. Mtoa huduma mzuri hujua kwamba hofu hizi ziko ndani ya nyumba yako na atazungumza nazo, hasa na yule shangazi aliyeapa kuimwaga chupa.

Uliza pia kama wanajua maumivu yasiyotosheka na mofini peke yake. Maumivu ya mifupa huhitaji dawa nyingine juu yake, na mara nyingi dozi moja tu ya mionzi huyapunguza sana. Timu nzuri itakuandikia barua ya kwenda kupigwa mionzi na itakwambia kama safari hiyo mgonjwa ataimudu.

Swali la pili: simu ya usiku

Karibu kila mahali utapewa namba na kuambiwa "tupigie wakati wowote." Usiishie hapo. Pima.

- Piga Jumamosi saa mbili usiku, ukiwa na swali dogo la kweli, kama vile dozi iliyotapikwa irudiwe au la.
- Angalia anayepokea ni nani. Mlinzi wa geti anayesema "piga Jumatatu" ni jibu tosha.
- Angalia kama anayepokea anamjua mgonjwa wako, au ana daftari la kumsomea habari zake.
- Uliza kama simu haikuleta nafuu, hatua inayofuata ni ipi: mtu atakuja, au mtakwenda hospitali gani, na huko mtaonyesha barua gani.

Si kila timu ina uwezo wa kutoka usiku, na kutotoka hakuifanyi kuwa mbaya. Timu ndogo na ya kweli itakwambia: "Usiku hatuji, ila simu tunapokea, na hizi hapa dawa za dharura za kuweka ndani, kila moja imeandikwa ya nini." Huo ni mpango. Timu inayokuahidi kuja saa yoyote ilhali ina gari moja na kaunti nzima ya kuhudumia inakufurahisha tu.

Ziara ya kwanza ndiyo mtihani

Hakuna kinachokueleza mengi kama nusu saa ya kwanza ya muuguzi chumbani. Kaa pembeni, mwache afanye kazi, na utazame.

- Anamwamkia mgonjwa kwanza, kwa heshima ya umri wake, au anaanza na ninyi mnaolipa?
- Anakaa, au anaongea akiwa amesimama mlangoni na begi begani?
- Anamwuliza mgonjwa mwenyewe kuhusu maumivu? Wengi hutumia vidole: ngumi ni hakuna, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni yasiyovumilika. Anaandika namba hiyo?
- Anamulika mdomoni? Utando mweupe ulimini huweza kuwa fangasi, na ndio humzuia mgonjwa kula wakati ninyi mnadhani anasusa.
- Anauliza choo cha mwisho kilikuwa lini?
- Anafunua shuka na kutazama mgongo wa chini, nyonga na visigino, ambako vidonda vya kulalia huanzia?
- Anaomba aletewe mfuko wa dawa zote, zikiwamo za mitishamba, na kuzipitia moja moja?
- Anaomba dakika chache na mgonjwa peke yake?

Kama kuna kidonda, hapo ndipo utakapomtambua fundi. Chukua titi lililopasuka kwa saratani na kuanza kutoa harufu. Muuguzi anayejua habani pua yake wala hageuzi uso. Huilowesha ile bandeji ya zamani kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa na kutiwa chumvi kidogo, mpaka iachie yenyewe bila kuvuta nyama. Husafisha bila kusugua. Kisha husaga vidonge vya metronidazo vikawa unga, hunyunyiza juu ya kidonda, hufunika, na hukaa akuangalie wewe ukirudia. Harufu hupungua ndani ya siku chache, na wageni waliokuwa wakisalimia dirishani huanza kuingia tena. Dawa yenyewe ni ya kawaida na haina gharama kubwa. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kuijua na kukuonyesha.

Mwisho wa ziara uwe umebaki na karatasi: majina ya dawa, saa, kipimo, dalili za kukufanya upige simu, na tarehe ya ziara ijayo. Ikiwa wameondoka na kila kitu kimebaki kichwani mwako, waite warudi kabla hawajafika barabarani.

Watu gani wamo kwenye timu

Nesi mmoja mwenye moyo hatoshi. Uliza kama wapo, au kama wanaweza kuitwa:

- daktari au tabibu aliyesomea huduma shufaa;
- ofisa ustawi wa jamii, wa mambo ya ada za watoto, mirathi na msamaha wa gharama;
- mtu wa dini, kwa dini ya mgonjwa na si ya shirika;
- wahudumu wa afya ngazi ya jamii au wa kujitolea walio karibu na nyumba yenu;
- mtaalamu wa kuongea na watoto na wajukuu walio ndani ya nyumba.

Leseni zipo na unaruhusiwa kuziuliza. Tanzania kuna Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya nako wauguzi na madaktari wana mabaraza yao. Kama hujui pa kuanzia, vyama vya huduma shufaa, KEHPCA kwa Kenya na TPCA kwa Tanzania, vinaweza kukuelekeza kituo kilicho karibu. Kile cha Afrika nzima, APCA, kina makao yake Kampala.

*"Si wataniona msumbufu?"* Mtu mwenye leseni huitoa kama dereva anavyotoa yake. Anayekasirika ndiye wa kumwuliza mara ya pili.

Pesa: uliza kabla ya kupokea

Hospisi nyingi hutoza kidogo au hutoa bure kwa asiye nacho, lakini "bure" ina mipaka yake. Andika majibu ya haya:

1. Ziara moja ni kiasi gani, na nauli au mafuta ni juu ya nani?
2. Mofini ni bure? Je, dawa nyingine?
3. Godoro la hewa, kiti cha magurudumu na kitanda vinaazimwa au vinakodishwa?
4. Bima yetu, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, inalipa sehemu gani hasa? Uliza mtoa huduma, kisha uliza bima wenyewe. Majibu yakitofautiana, shika ya bima.
5. Tusipoweza kulipa mwezi ujao, itakuwaje?

Dai risiti kwa kila shilingi. Na jihadhari na anayekuuzia vitu viwili kwa wakati mmoja: huduma ya kutuliza na dawa ya "kuondoa saratani kabisa." Wapo wanaobadilisha koti jeupe kwa chupa za mizizi na virutubisho, na familia ikauza kiwanja ikiwa bado inaita huduma hiyo shufaa. Anayetuliza kweli hakuahidi uponyaji.

Wanasemaje kuhusu ukweli

Hapa familia na watoa huduma hugongana mara nyingi. Ninyi mnataka mama asiambiwe. Wao wanataka kuongea naye. Mtoa huduma mbaya hufanya moja kati ya mawili: hukubali kumdanganya kwa miezi, au humtamkia ukweli wote mara moja mbele ya wageni.

Mzuri huanza na swali: "Mama, wewe mwenyewe unaelewaje ugonjwa huu?" Kisha husubiri. Akitaka kujua, hujibiwa kwa kiasi anachouliza. Asipotaka, haburuzwi. Tumezoea kusema mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji ni sawa. Ila kuna mambo ambayo hakuna mwingine wa kuyajibu:

- angependa kubaki nyumbani au kupelekwa hospitali hali ikizidi;
- nani asikose kuitwa;
- kuna deni, amana au wosia wa kuandikwa akili ikiwa bado timamu;
- angetaka azikwe wapi;
- ibada zipi asikose: kwa Mwislamu, kulakiniwa shahada na kuelekezwa kibla, kwa Mkatoliki, padri wa mpako wa wagonjwa.

Ukiona timu haijauliza hata moja ya haya baada ya ziara kadhaa, waulize kwa nini. Mambo haya yasiposemwa sasa husemwa matangani, kwa ugomvi.

Na wewe unayeuguza?

Timu inayokuona wewe kama mtu wa kubeba beseni tu itakuchosha, na ukianguka wewe mgonjwa naye ameanguka. Tazama kama:

- wamekufundisha kumgeuza na kumwinua bila kujivunja mgongo;
- wamekuuliza umelala saa ngapi;
- wamesema na ndugu wengine wagawane zamu, badala ya kumwachia binti mmoja;
- wanakupa glovu, na kukufundisha kufua shuka zenye damu au uchafu kwa usalama;
- wamekueleza siku za mwisho zinavyokuwa: kula kunapungua, usingizi unazidi, miguu inapoa, pumzi inakoroma. Ukiyajua mapema hutamlazimisha uji unaompalia.
- wamekwambia cha kufanya akifia nyumbani: unampigia nani kwanza, na kibali cha mazishi kinapatikana wapi, kwa chifu, mtaani au kijijini;
- watarudi hata baada ya mazishi, kuwajulia hali na kuchukua mofini iliyobaki. Chupa ile isiachwe kabatini wala isigawiwe jirani mwenye maumivu yake.

Ukiona haya, anza kutafuta kwingine

- Maumivu yamebaki vidole vinne au vitano kwa siku mbili na hakuna aliyebadilisha kipimo.
- Wanasema mofini "ni ya wiki ya mwisho."
- Kila ziara anakuja mtu mpya asiyejua kilichofanyika juzi.
- Wanamsimanga mgonjwa kwa ugonjwa wake, kwa VVU hasa, au kwa kuchelewa hospitali.
- Wanashinikiza dini yao kwa mtu asiye na nguvu ya kukataa.
- Picha za mgonjwa zinapigwa kwa ajili ya wafadhili bila ridhaa yake.
- Simu mbili za usiku hazikupokelewa na hakuna aliyepiga asubuhi kuuliza kulikoni.

Kukosa gari wiki moja, kuchelewa kwa sababu ya mvua, au ofisi kuwa chakavu havimo kwenye orodha hii. Usimwache mtu anayetuliza maumivu kwa sababu ya mwenye brosha nzuri.

"Lakini huku kwetu wapo hao hao"

Ndivyo ilivyo kwa wengi, wilaya nzima kituo kimoja au hakuna. Hapo kupima hakukusaidii kuchagua, kunakusaidia kuziba mapengo:

- Omba mpango wa maandishi kutoka hospitali iliyokupa barua, wenye vipimo vya dawa na namba ya simu ya kliniki, kabla hujapanda basi la kurudi kijijini.
- Upeleke kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu, ukae na tabibu ausome. Wakiongea kwa simu wao wawili, kazi kubwa imekwisha.
- Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ajue mgonjwa yupo. Anaweza kukagua mgongo na visigino na kukupigia simu.
- Mtume mtu mmoja yule yule kufuata mofini, na kitambulisho na barua, na aende dawa ikiwa imebaki ya siku nne au tano, isiwe ya usiku mmoja.
- Uliza kama kliniki inaweza kuandika dawa baada ya kuongea na mgonjwa kwa simu, ili asibebwe kila mwezi.

Kwa walio mbali wanaolipa

Wasomaji wa Muscat, London na Minnesota, ninyi mnatuma fedha na kupokea ripoti. Ripoti huandikwa na anayelipwa. Ongea na mgonjwa mwenyewe, na umwulize mambo ya kuhesabika: jana ulilala? umekunywa dawa mara ngapi? nani alikuja? Omba picha ya ukurasa wa daftari la dawa kila wiki. Na kabla ya kuamuru mzazi ahamishwe kwenda hospitali ya gharama mjini, msikilize dada anayelala chumbani naye. Yeye ndiye anayejua usiku ulivyokuwa.

Pima tena baada ya wiki mbili

Nunua daftari la mistari. Kila siku andika: maumivu kwa vidole asubuhi na usiku, dozi za ziada, choo, usingizi, na kila simu pamoja na aliyepokea. Baada ya wiki mbili kaa na ndugu mjibu haya:

1. Maumivu yameshuka?
2. Mgonjwa analala usiku mwingi zaidi kuliko kabla ya kuanza?
3. Tunajua la kufanya leo usiku?
4. Mgonjwa mwenyewe anasemaje kuhusu watu hawa?

Majibu mazuri, endeleeni. Yakiwa mabaya, msiondoke kimyakimya. Mwiteni mkuu wa timu, mwonyesheni daftari, mpeni nafasi ya kurekebisha kwa tarehe mliyokubaliana. Mengi hurekebika hapo, kwa sababu mara nyingi timu haikuwa na habari. Isiporekebika, ombeni barua ya rufaa yenye dawa zote na vipimo vyake, na msikatishe mofini hata siku moja katikati ya kuhama: mtoa huduma mpya akubali kwanza, chupa mpya iwe mkononi, ndipo mmuage wa zamani.

Na kama una nafasi ya kuuliza swali moja tu, dirishani, foleni ikiwa imekushika mgongoni, uliza hili: "Akiumwa sana usiku wa leo, nifanye nini?" Kisha hesabu ni hatua ngapi za wazi umepewa. Ukipewa dawa, kipimo na namba ya simu, mwandikishe. Ukiambiwa "mleteni asubuhi," shukuru, na uendelee kutafuta siku hiyo hiyo.